Kungoja na Kungojea: Historia Fupi ya Utayari wa Ukurasa

Msafiri wa kwenda Kariakoo anayesimama Buguruni, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela, hujiuliza maswali matatu kabla hajapanda daladala. Je, gari lipo? Je, linaonekana? Je, linapakia? Gari laweza kuwapo bila ya kuonekana, kwa kuwa limekingwa na mengine. Tena laweza kuonekana wazi, na mlango umefunguliwa, kumbe dereva amekwenda kula. Anayelikimbilia kwa sababu tu ameliona huishia kukaa kitini peke yake huku wenzake wakiondoka.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo matatu ndiyo yaliyowasumbua kwa miaka mingi waundaji wa programu zinazoendesha vivinjari, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyatenga, mradi sisi wafasiri tusiyachanganye.

Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari cha kwanza huko CERN mwaka 1990, ukurasa ulikuwa hati tu: ukishafika, umefika wote. Mwaka 1995 lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape, iliuwezesha ukurasa kubadilika ukiwa umekwisha kufunguliwa. Februari 2005 Jesse James Garrett aliupa jina la Ajax mtindo wa kurasa kuleta habari kidogo kidogo kutoka kwenye seva bila ya kufunguliwa upya. Mtindo huo ulipoenea, kusema "ukurasa umefika" hakukuwa tena sawa na kusema "ukurasa u tayari".

Wakati huohuo, mwaka 2004, Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago alianzisha Selenium, programu ya kubonyeza vitufe na kujaza fomu badala ya mkono wa mtu, ili kujaribu kama mfumo unafanya kazi. Mtu asipokiona kitufe hungoja bila ya kufundishwa. Mashine haijui subira. Hutenda mara moja kama ilivyoagizwa. Kwa hiyo ilibidi ifundishwe kungoja.

Njia nyepesi ilikuwa kuiamuru ikae kimya, tuseme, sekunde 5. Mtandao ukiwa mwepesi, muda ulipotea bure. Ukiwa mzito, sekunde 5 hazikutosha. Jaribio lilifaulu leo na kushindwa kesho, ilhali mfumo wenyewe haukubadilika. Njia ya pili ilistawi katika WebDriver ya Simon Stewart, iliyounganishwa na Selenium, kisha ikawa msingi wa kiwango cha shirika la W3C mwaka 2018. Katika Selenium, programu huchungulia ukurasa kila nusu sekunde mpaka sharti lililotajwa litimie au muda wa mwisho uishe. Masharti yenyewe ni yaleyale ya Buguruni: kipo, kinaonekana, kinabonyezeka. Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, ilikwenda mbele zaidi. Kabla ya kubonyeza, yenyewe huhakikisha kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia mahali pake, hakikuzuiwa wala hakikufunikwa na kingine.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tulipofasiri mwongozo mmoja wa wajaribu programu, tuliandika "subiri" kila mahali. Wanafunzi walioutumia walielewa kwamba kusubiri ni kuhesabu sekunde, na wakaandika majaribio ya kuhesabu sekunde. Kosa lilikuwa letu, si lao.

Kiswahili hakikutulazimisha kukosea hivyo. Kitenzi "ngoja" chaweza kusimama peke yake. "Ngojea", kwa kile kiambishi cha kutendea, kinadai kitu kinachongojewa. Twajua kwamba katika mazungumzo watu huvitumia pamoja bila ya kuvitofautisha, lakini istilahi ina haki ya kukaza tofauti ambayo lugha imekwisha kuipanda. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua kwa vitendo. Kabla ya magari ya watu binafsi kuruhusiwa rasmi mwaka 1983, usafiri wa mji ulikuwa mikononi mwa mabasi ya UDA. Basi la ratiba huondoka saa yake ikifika; daladala kituoni huondoka likijaa. La kwanza hungoja, la pili hungojea.

Kwa hiyo tunapendekeza: "kungoja kwa muda", pale sekunde zinapohesabiwa, "kungojea sharti", pale dalili inapotafutwa, "kuchungulia", kwa kutazama tena na tena, na "muda wa mwisho", kwa kikomo cha kungojea. Kadhalika hali za kipengele cha ukurasa zitengwe kuwa "kuwapo", "kuonekana" na "kuwa tayari", wala neno moja lisitumiwe kwa nyingine.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Siku hizi mwananchi hujaza fomu nyingi za serikali kwa njia ya mtandao. Jaribio likithibitisha tu kwamba kitufe cha kutuma kipo, fomu itapita, na mwananchi atabonyeza kitufe kisichoitika. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali tunawaomba wayapime maneno haya kazini mwao na kutuletea maoni yao.