Kamba Inafunga Watu Wawili: Historia Fupi ya Vifaa vya Mlima

Wandugu wasomaji, siku za amani, njia za mlima zikiwa wazi, vijana wetu wanaanza kuuliza bei ya kupanda Ruwenzori ao Nyiragongo. Wale walio Ulaya kwa masomo, wao wanauliza bei ya ski. Swali ni moja kila mara: ninunue nini kwanza, na franga zenyewe ni kidogo? Mimi siuzi vifaa. Nilisoma historia, na njo kwa njia ya historia nitajibu. Jibu langu ni hili: nunua kwanza kile kinachokuunganisha na mwenzako. Koti zuri litafuata. Watu walijifunza neno hili kwa kuzika wenzao.

Tuanze kule Uswisi, tarehe 14 Julai 1865. Watu saba walifika juu ya mlima Matterhorn, ambao hakuna mtu alikuwa ameupanda mbele yao. Kati yao kulikuwa Edward Whymper, Muingereza mwenye kuchora picha. Michel Croz, kiongozi wa mlima kutoka Chamonix. Na Peter Taugwalder mzee pamoja na mtoto wake, watu wa Zermatt. Wakati wa kushuka walijifunga wote kwa kamba. Kijana mmoja, Douglas Hadow, mwenye miaka 19 na bila mazoea mengi ya mlima, aliteleza. Alimgonga Croz, akamwangusha. Uzito wao ukavuta wengine wawili, Charles Hudson na Lord Francis Douglas. Kamba ikakatika kati ya Douglas na Taugwalder mzee. Wanne walikufa. Watatu walibaki wamesimama, wanaangalia.

Sasa sikilizeni jambo lenye kuuma. Ile siku walikuwa na kamba za namna tatu. Ile iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko zote, na ya zamani. Kamba mpya, zenye nguvu kuipita, zilikuwa palepale, hazina kazi. Kulifanyika uchunguzi, na mashaka yakamwangukia Taugwalder: labda aliikata, labda alichagua mbaya kwa makusudi. Uchunguzi haukumpata na kosa, lakini maneno ya watu yalimfuata maisha yake yote. Kile kipande cha kamba kingali kinaonyeshwa katika makumbusho ya Zermatt. Kwangu mimi, kinafundisha mambo mawili. La kwanza: kuwa na kifaa kizuri ndani ya mfuko si kitu, kama mkono haukukitoa. La pili: mambo yakiharibika, anayeulizwa wa kwanza ni yule aliyelipwa kuongoza ao kubeba.

Tuje kwa viatu. Miaka mingi wapanda mlima walivaa viatu vizito vya ngozi vyenye misumari chini. Misumari ilishika barafu na udongo, lakini kwa jiwe kavu ilisumbua, tena ilipitisha baridi mpaka kwa mguu. Kwa hiyo mtu alibeba viatu vyepesi vya kupandia mwamba, vile vizito akaviacha chini. Mwaka 1935, Muitalia Vitale Bramani alikuwa na ekipe yake kwa Punta Rasica. Hali ya hewa ikageuka wakiwa juu na viatu vyepesi. Watu sita wakafa. Bramani alirudi na swali moja: kwa nini mtu achague kati ya mwamba na barafu? Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa, akaiita Vibram, kwa kuunga majina yake mawili. Waitalia walipofika kilele cha K2 mwaka 1954, soli ile ilikuwa chini ya miguu yao. Leo wengi wetu tunaivaa mjini bila kujua ni watu sita walioizaa.

Kamba nayo ilibadilika juu ya vita. Kamba nzuri ya zamani ilitoka kwa nyuzi za Manila, kule Ufilipino. Japani ilipokamata Ufilipino mwaka 1942, Waamerika walikosa nyuzi zile. Jeshi lao la milima likageukia nailoni, kitu kilichovumbuliwa ndani ya miaka ya 1930. Kumbe nailoni ilikuwa na zawadi ambayo Manila haikuwa nayo sana: inavutika. Mtu akianguka, kamba inarefuka kidogo na kumeza ule mshtuko, badala ya kukatika ao kumvunja mgongo. Kama mtu anakuuzia kamba ya kupandia, muulize kama ni ya kuvutika. Kamba ngumu isiyovutika ni ya kushukia ao kuvuta mizigo. Usiifunge kwa kiuno ili ikupokee ukianguka.

Wale wa ski wasiseme nimewasahau. Tena msifikiri ski haikujua udongo wetu: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipeleka ski mpaka Kilimanjaro. Ile ski ninayosema hapa ni ya porini, fasi ambapo hakuna mashine ya kukuvuta juu. Unapanda mwenyewe. Chini ya ski unabandika ngozi. Zamani ilikuwa ya mnyama wa bahari, sili, leo ni kitambaa chenye manyoya mafupi. Manyoya yanalala kuelekea nyuma: ski inateleza mbele, lakini hairudi. Kisigino kinabaki huru wakati wa kupanda. Ukifika juu unatoa ngozi, unafunga kisigino, unashuka.

Hatari kubwa kule ni maporomoko ya theluji. Mlima mzima unaweza kukatika kama sukari ndani ya gunia na kukufunika. Mwaka 1968 Muamerika John Lawton alitoa kifaa kidogo, Skadi, kinachotuma sauti ya redio toka chini ya theluji ili wenzako wakisikie. Vile vya leo vyote vinasikilizana kwa masafa moja, kilohezi 457. Juu yake unabeba fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na pauro ya kuchimba. Utafiti wa Uswisi uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kama mtu aliyefunikwa alikuwa na nafasi kubwa ya kupona ndani ya dakika 15, zaidi ya tisa kwa kumi. Kwa dakika 35 ilibaki karibu tatu kwa kumi. Maana yake, msaada wa kutoka mjini unafika umechelewa. Anayekuokoa ni yule uliyetoka naye asubuhi.

Fikirini basi: ile pauro ndani ya mfuko wako si yako. Wewe ukifunikwa, haitakusaidia kitu. Umeibeba kwa ajili ya mwenzako, na yeye amebeba yake kwa ajili yako. Kijana akinunua koti la bei kali na kukosa pauro, amewaambia wenzake: nichimbeni, lakini mimi sitawachimba.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1906, Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alikuja Ruwenzori toka upande wa Uganda. Tarehe 18 Juni alifika Margherita, mita 5.109, kilele ambacho leo kiko kwa mpaka wetu na Uganda. Alikuja na viongozi wa Courmayeur, hema, kamba, na mpiga picha Vittorio Sella. Mizigo ilibebwa na Wakonzo, ndugu za Wayira wa Beni na Butembo, watu ambao lugha yao ina neno lake kwa theluji: nzururu. Walipanda katika matope na baridi pekupeku. Vilele vilipata majina ya malkia Margherita na malkia Alexandra. Jina la mbebaji halikuandikwa kwa jiwe lolote. Mwaka 1932 Wabelgiji chini ya Xavier de Grunne walikuja kwa upande wetu wa Kongo, na baadaye njia ya Mutwanga, Kalonge, Mahangu mpaka Kyondo ikajulikana.

Babu yangu alibeba mizigo kwa njia ile, wakati wa ukoloni. Bwana mmoja alimpa koti la zamani na blanketi, viatu hapana. Alikuwa anasema baridi ya Kyondo inaanza kwa kidole kidogo cha mguu, kisha inakuja kuuliza jina lako. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikurudi kusikia kitu mpaka alipokufa. Yule bwana alikuwa na viatu jozi mbili. Babu alijua vizuri, kwani ile jozi ya pili njo ilikuwa ndani ya mzigo wake.

Kwa hiyo, wandugu, mkipanga safari, andikeni orodha moja kwa watu wote, mbebaji akiwa ndani. Kwa Ruwenzori, buti za mpira kwa kila mguu, juu ya matope. Nguo za kukinga mvua kwa kila mgongo. Soksi kavu na mahali pa kulala penye joto kwa wote. Kwa barafu, kamba ya kuvutika na mtu anayejua kuitumia. Kama franga hazitoshi kuvalisha wote, punguzeni idadi ya wasafiri ao ahirisheni mwaka mmoja. Mlima hauendi fasi.

Na ombi la mwisho. Ndani ya familia zetu za Mutwanga, Beni na Butembo kuna wazee ambao wao ao baba zao walibeba. Waulizeni majina wangali hai, muyaandike hapa chini: jina, kijiji, alibebea nani, alivaa nini. Mimi naanza na la babu yangu: Kambale, wa Mutwanga. Alibebea bwana mwenye jozi mbili za viatu. Alivaa koti la zamani.