Mbwa wa Mbio, Mbwa wa Macho: Historia ya Lango la Perry Barr

Perry Barr, kaskazini mwa jiji la Birmingham, ina viwanja viwili vyenye historia ya klabu moja. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1929 na klabu ya riadha ya Birchfield Harriers. Cha pili, Alexander Stadium, kilifunguliwa mwaka 1976 ndani ya Perry Park, na klabu ikahamia huko. Mwaka 1990 kile cha zamani kikaanza mbio za mbwa, na kwa zaidi ya miaka thelathini mbwa wa kamari walikuwa na lango lao Perry Barr. Sisi tunauliza: mbwa anayemwongoza mtu asiyeona alipataje lango lake?

Mafunzo ya mbwa hao yalianza Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Hapa Uingereza watu wanne wa kwanza walipewa mbwa wao mwaka 1931, mjini Wallasey. Lakini kumfunza mbwa ni jambo moja, na kufunguliwa mlango ni jambo lingine. Kwa miaka mingi mwenye mbwa alitegemea moyo wa bawabu.

Sheria ya mwaka 1970, iliyopelekwa bungeni na Alf Morris, iliwataka wajenzi wa majengo ya umma wafikirie watu wenye ulemavu, lakini pale tu ambapo ingewezekana na ingefaa. Maneno hayo yalitoa mwanya mkubwa. Kwa hiyo uwanja uliofunguliwa mwaka 1976 ulizaliwa wakati ambapo njia ya kiti cha magurudumu bado ilionekana kuwa hisani.

Mabadiliko yaliletwa na wenyewe. Katika miaka ya 1990 watu wenye ulemavu walijifunga kwa minyororo kwenye mabasi ya London, wakidai haki badala ya sadaka. Sheria ya kupinga ubaguzi ikapitishwa mwaka 1995, ikaanza kutumika kwa hatua. Mwaka 1996 ikawa kosa kumnyima mtu huduma kwa sababu ya ulemavu wake. Mwaka 1999 watoa huduma wakatakiwa kurekebisha taratibu zao, na mwaka 2004 kurekebisha hata ngazi na milango. Katikati, mwaka 2001, madereva wa teksi nchini Uingereza wakakatazwa kumkataa abiria mwenye mbwa wa kuongoza au kumtoza nauli ya ziada, isipokuwa dereva mwenye kibali kwa sababu za kiafya. Hili linatugusa, maana baba zetu na wajomba zetu wengi wameshika usukani wa teksi.

Leo yote hayo yamo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Uwanja unaweza kukataza mbwa wa kufugwa, lakini hauwezi kutumia katazo hilo kumzuia asiyeona bila sababu ya kweli. Wala sheria haimlazimishi mwenye mbwa abebe cheti. Haki ni ya mtu. Mbwa anaingia kwa sababu ni macho yake.

Mwaka huohuo wa 2010 Kenya ilipata Katiba mpya, ambayo kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na Tanzania Bara ikapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Tofauti ni kwamba kwetu macho ya asiyeona yamekuwa binadamu: mjukuu anayeshika ncha ya fimbo, au mwenzake wa mbio. Henry Wanyoike wa Kenya alishinda mita 5,000 huko Sydney mwaka 2000 akikimbia na mwongozaji wake.

Basi mbwa analeta swali gumu, na hatutalikwepa. Pwani yetu inafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini najisi huoshwa. Mtu aliyefukuzwa mlangoni haoshwi fedheha yake. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana Mwislamu asiyeona aje na mbwa wake, ukamtengea mbwa mahali pa kupumzika karibu na mlango. Usafi ulilindwa na kijana aliswali.

Mwaka 2022 Alexander Stadium, uliokarabatiwa kwa pauni milioni 72, ulipokea Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wanariadha wenye ulemavu walishindana humo siku zilezile na wenzao, na medali zao zikahesabiwa pamoja, kama ilivyokuwa tangu Manchester 2002. Umbali kutoka 1976 hadi hapo haukupimwa kwa mita.

Chama chetu hufanya sherehe zake za nje, zenye ngoma na pilau, na wazee wetu huja. Tunapendekeza mwaliko ueleze njia ya viti vya magurudumu iko wapi, uulize mgeni anahitaji nini, na useme wazi kwamba mbwa wa kuongoza anakaribishwa. Mikeka ya kuswalia itandikwe upande mmoja, na bakuli la maji ya mbwa liwekwe upande mwingine, kivulini. Na wazee waambiwe mapema, kwa adabu, ili mgeni asikutane na mabishano langoni.