Jina la Mpini na Jina la Jembe

Watumishi wa umma walioko Chato wanaijua vema adha ya jina lenye tabaka nyingi. Mwaka 2005 Chato ilimegwa kutoka Biharamulo ikawa wilaya kamili, ingali ndani ya Mkoa wa Kagera. Mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa kwa sehemu zilizotoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, Chato ikahamishiwa humo. Ziwa halikusogea wala vijiji havikuhama. Kilichobadilika ni yale maneno yaliyoambatana na jina katika anwani, mihuri na hati. Tumeanza na jambo hili kwa sababu linafanana mno na tatizo ambalo watunzi wa programu za kompyuta wamehangaika nalo tangu miaka ya 1990, na ambalo mfasiri wa Kiswahili hana budi kukutana nalo mara aanzapo kufasiri miongozo yao.

Perl ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987. Lugha ya C iliitangulia kwa takriban miaka 15, na kazi nyingi nzito, kama vile kuchora picha, kutunza hifadhidata na kufumba mawasiliano ya siri, zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika maktaba za C. Ieleweke kwamba maktaba hapa si nyumba ya vitabu, bali ni mkusanyo wa kanuni zilizo tayari kuitwa na programu nyingine. Mwandishi wa Perl hana haja ya kuyarudia yote hayo. Anatengeneza moduli nyembamba inayopokea ombi kwa Perl, kuligeuza lieleweke na maktaba ya C, kisha kurudisha jibu.

Moduli ya namna hiyo tuiite nini? Tumepata kusikia ganda, na pia kifungashio. Hatuyapendi yote mawili. Ganda huambuliwa likatupwa, na kifungashio hufunguliwa ili kilichomo kitolewe. Lakini moduli hii haiondolewi hata mara moja, kwani ndiyo mahali pa kushikia. Katika nchi hiyo hiyo ya Geita, Biharamulo na Chato waliishi Warongo, wahunzi mashuhuri wa Uzinza, ambao majembe yao yalifika Usukumani na kwingineko katika karne ya 19. Mhunzi alifua bamba la chuma. Mpini ulikuwa wa mkulima. Twapendekeza basi moduli ya mpini: chuma ni cha C, mpini ni wa Perl, na mkono wa mwenye kulima haugusi chuma.

Hapo mwanzo mpini haukuweza hata kutenganishwa na jembe. Hadi toleo la 4 la Perl, aliyetaka kutumia maktaba ya C alilazimika kuunda upya Perl nzima pamoja na maktaba hiyo ndani yake. Ndivyo zilivyozaliwa oraperl kwa ajili ya hifadhidata ya Oracle, na sybperl kwa ajili ya Sybase. Majina yenyewe yanasimulia hali ilivyokuwa: nusu chuma, nusu mti, yameunganishwa kwa gundi. Aliyehitaji hifadhidata mbili kwa pamoja alipata taabu.

Toleo la 5, la mwaka 1994, lilileta moduli zinazopakiwa wakati programu inaendelea, pamoja na njia iitwayo XS ya kuziunganisha na C. Mwaka 1995 ghala la CPAN likafunguliwa, ambako kila mtu aliweza kuweka moduli yake. Ghala likiwa moja, majina nayo yakawa mali ya wote, na ugomvi ukaanza. Jina la moduli hujengwa kwa tabaka zinazotenganishwa na nukta pacha zilizorudiwa, la jumla likitangulia, mfano wa mkoa, wilaya na kata.

Swali lilikuwa, na lingali, hili: moduli ya mpini ichukue jina la maktaba iliyomo, au jina la kazi inayofanywa? XML::Parser ilichukua jina la kazi, ingawa ndani yake imo maktaba ya Expat ya James Clark. Ilifika mapema ikakalia kiti cha mbele. Wachanganuzi wengine wa XML waliofuata wakatafuta majina ya pembeni. XML::LibXML kwa upande wake ilijitaja kwa chuma chake, maktaba ya libxml2, na msomaji akajua mara moja anachohitaji kuwa nacho katika mashine.

Kujitaja kwa chuma nako kuna hasara. Maktaba ya SSLeay, iliyobeba herufi za kwanza za jina la mtunzi wake, Eric A. Young, ilirithiwa na OpenSSL mwishoni mwa mwaka 1998. Moduli ya Perl iliyokuwa ikiitwa Net::SSLeay ingali ikiitwa hivyo hadi leo, ingawa chuma kilichomo sasa ni OpenSSL. Kulibadili jina kungevunja programu za watu wengi waliolitegemea. Ni kama hati ya kiwanja cha Chato yenye muhuri wa Biharamulo: haisemi uongo, lakini mgeni hupotea.

Kwa maoni yetu waliolitatua jambo hili vizuri kupita wote ni watu wa hifadhidata. Tim Bunce na wenzake waliweka jina moja la kazi, DBI, ambalo ndilo programu huliita. Chini yake wakaweka majina ya chuma: DBD::Oracle, DBD::SQLite na mengineyo. Chuma kikibadilika, sehemu kubwa ya programu hubaki ilivyo. Ama kuhusu ufungashaji, DBD::SQLite hubeba maktaba yake nzima ya C ndani ya furushi moja, ilhali moduli nyingine humtaka mtumiaji aitafute maktaba mwenyewe, na asipoipata kazi husimama. Kwa ajili hiyo lilianzishwa kundi la moduli za Alien, ambazo kazi yake ni kuleta maktaba ya C tu.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wasidhani haya ni mambo ya wataalamu peke yao. Mwaka 2017, makontena 277 yalipozuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam, shehena ile ile iliitwa mchanga na wengine, na makinikia na wengine. Neno la kwanza lilificha dhahabu, shaba na fedha zilizomo. La pili, ambalo laonekana kujengwa juu ya makini, lilimlazimu mwananchi aulize ndani mna nini. Wachimbaji wa Geita nao hawakungoja kamati yoyote. Walilichukua neno la Kiingereza la mashine ya kuvunjia mawe wakalitia katika ngeli zetu: karasha, makarasha. Chuma kigeni, mpini wa Kiswahili.

Kwa mfasiri, basi, jina rasmi la moduli lisifasiriwe wala kubadilishwa hata herufi moja, kwa kuwa kompyuta hulisoma lilivyo. Palipo na hatari ya kupotosha, maelezo yaandikwe kando yake, kwa mfano: Net::SSLeay, moduli ya mpini wa maktaba ya OpenSSL.