Ufunguo wa Kundi: Historia na Istilahi Zake

Mpangaji akihama na ufunguo wa mlango mkubwa, mwenye nyumba hubadili kitasa, kisha huwagawia funguo mpya wapangaji waliosalia. Jambo hili la kawaida ndilo kiini cha somo la ufunguo wa kundi katika mitandao pasi waya. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia yake kwa ufupi, kwani istilahi haiundwi vyema na mtu asiyejua haja iliyoizaa.

Ujumbe wa redio humfikia kila mwenye chombo cha kuupokea, rafiki na adui. Siri yake, basi, haimo katika njia bali katika ufunguo wa kuufumba na kuufumbua. Katika Vita Kuu ya Pili nyambizi za Ujerumani zilifumba taarifa zao kwa mashine iitwayo Enigma. Vyombo vya mtandao mmoja vilitumia mipangilio ileile, iliyoandaliwa na kugawiwa mapema. Tarehe 9 Mei 1941 mabaharia wa manowari ya Kiingereza HMS Bulldog waliingia katika nyambizi U-110, wakatoa mashine na vitabu vyake vya siri. Wajerumani hawakutambua kwamba vimetekwa. Ikadhihirika kuwa siri ya wengi yaweza kupotea kwa mkono wa mmoja, na kwamba kubadili ufunguo kwa kalenda hakumzuii aliyekwisha kuipata kalenda yenyewe.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha jinsi watu wawili wanavyoweza kuafikiana siri hali wanasikilizwa. Mwaka 1982 Ingemarsson, Tang na Wong waliipanua njia hiyo iwafae watu wengi. Kisha mwaka 1989 zikatolewa kanuni za Steve Deering kuhusu utumaji wa kundi katika intaneti, ambapo mtumaji hutuma mara moja tu na mtandao wenyewe huunakili ujumbe kwa wote wanaohusika.

Hapo ndipo tatizo la kitasa liliporudi. Tuchukue kundi la watu 1,024. Akitoka mmoja, msimamizi hana budi kuufumba ufunguo mpya mara 1,023, mara moja kwa kila aliyebaki. Mwaka 1998 Wong, Gouda na Lam, na mwaka 1999 Wallner, Harder na Agee, walieleza dawa yake: funguo zipangwe kama mti wa matawi mawili mawili, na kila mtu ashike zile tu zilizo kati ya jani lake na shina. Akitoka, hubadilishwa zile alizozijua yeye, na kazi ya mara 1,023 hushuka hadi mara 19.

Katika mitandao pasi waya nafuu hiyo ni kubwa zaidi, maana betri ni ndogo, watumiaji huhamahama, na ujumbe hupotea hewani. Kiwango cha IEEE 802.11i cha mwaka 2004 kilimpa kila mtumiaji ufunguo wake wa pekee, pamoja na ufunguo wa kundi. Hata hivyo, asiyepata taarifa ya mabadiliko hubaki nje ya kundi ambalo ana haki nalo.

Sasa tuje kwenye istilahi. Wataalamu wanadai mambo mawili: aliyetoka asisome yajayo, na aliyeingia asisome yaliyopita. Majina ya Kiingereza, yakitafsiriwa neno kwa neno, yatatupa «siri ya mbele» na «siri ya nyuma». Sisi hatuyapendelei. Jina hilo la kwanza, katika mazungumzo ya watu wawili, hutumika kwa maana iliyo kinyume: kulindwa kwa ujumbe wa zamani hata ufunguo ukiibwa baadaye. Mhandisi akilielewa visivyo, atauacha mlango wazi akidhani ameufunga.

Kwa hiyo tunapendekeza «kinga ya utokaji» na «kinga ya uingiaji», na kwa tendo lenyewe «ubadilishaji wa ufunguo». Istilahi hizi zinataja hatari inayokingwa, na msomaji hahitaji kuuliza mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na mafundi wa mitandao, wazipime kazini na kutuletea maoni yao kabla hazijasanifiwa.