Kurasa Zisizofunguka Tena

Zamani mpiga chapa alipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Kazi hiyo ilidai mashine nzito na mafundi wengi.

Mwaka 1985 mambo yaligeuka. Paul Brainerd wa Seattle, Marekani, alitoa programu ya PageMaker. Kampuni yake aliiita Aldus, kwa kumkumbuka Aldus Manutius, mpiga chapa mashuhuri wa Venezia, aliyefariki mwaka 1515. Sasa mtu mmoja, akiwa na kompyuta ya Macintosh na mashine ya kuchapa ya LaserWriter, aliweza kupanga maneno na picha mezani pake. Lakini LaserWriter peke yake iliuzwa dola 6,995!

Mwaka 1987 ikaja QuarkXPress. Mwaka 1994 Adobe iliichukua Aldus, na mwaka 1999 ikatoa InDesign. Toleo la mwisho la PageMaker, la 7, lilitoka mwaka 2001.

Hapo ndipo penye hasara. InDesign ya leo haifungui tena kurasa za PageMaker. Bali vitabu alivyovichapa Aldus vyasomeka hata sasa. Basi, ndugu wa Nyunzu, tukiandika historia ya parokia zetu kwa kompyuta, tusiiache humo tu. Tuipige chapa, tuitunze kabatini, wajukuu wapate kuisoma.