Sarufi ya Kiingereza Ilivyofika Bukoba

Watu wengi hudhani ya kuwa Kiingereza ni kigumu kwa sababu ya wingi wa maneno yake. Sivyo. Maneno hukaririwa, na mtoto mwenye bidii huyashika. Limshindalo mwanafunzi ni mpango wa sentensi, kwa kuwa hauelekei njia moja na mpango aliojifunza nyumbani kwa mama yake. Basi tumeona vema kueleza jinsi lugha hii ilivyotufikia, na jinsi baadhi ya kanuni zake zilivyopata kuwa kama zilivyo.

Emin Pasha, aliyekuwa katika utumishi wa Wadachi, alijenga boma la Bukoba mwaka 1890. Wenyeji walinena Kihaya, nao Wadachi walitumia Kiswahili katika kazi za serikali. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Betheli mwaka 1910. Hao walijifunza Kihaya wapate kufundisha. Katika vita vikuu, mwaka 1916, Waingereza waliitwaa Bukoba, ndipo Kiingereza kilipokuwa lugha ya wakubwa wa nchi. Lakini Kiswahili hakikuondolewa. Kilitumika katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikawekwa juu yake. Hivyo mtoto wa Bukoba akawa kama mtu avukaye mito miwili: kutoka Kihaya mpaka Kiswahili, na kutoka Kiswahili mpaka Kiingereza.

Na tutazame sasa sentensi za kila siku. Kiswahili husema, "Mwanamke anauza ndizi, wanawake wanauza ndizi." Kiingereza husema, "The woman sells bananas. The women sell bananas." Sisi hutia alama ya umoja na wingi kichwani mwa kitendo, Mwingereza huitia mkiani. Tena husufi ile "s" humchanganya mtoto, maana katika majina mengi ni alama ya wingi, na katika kitendo ni alama ya mmoja. Zamani Waingereza wa kusini walisema "selleth", na ile "s" ilitoka kaskazini mwa nchi yao, ikaenea polepole hata ikashinda.

Kadhalika katika kuuliza. Mwanafunzi huona taabu kwa neno "do" katika "Do you know the road?" Lina kazi gani? Zamani halikuwa lazima. Waingereza waliweza kuuliza, "Know you the road?" na kukana, "I know not." Neno "do" lilizidi kutumika tangu karne ya 16, hata likawa sheria. Vivyo hivyo walikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "ye" kwa wengi, kama sisi tulivyo na "wewe" na "ninyi". Maneno hayo yamo katika Biblia yao ya mwaka 1611, lakini katika mazungumzo ya kawaida "you" limeyameza yote mawili. Twaona basi ya kuwa sarufi haikushuka kutoka mbinguni. Ni desturi za watu, nazo hubadilika.

Kihaya nacho si maskini. Mwingereza akisema "We tied", na Mswahili "Tulifunga", hatujui kama ni asubuhi ya leo au mwaka juzi. Mhaya husema "twakoma" kwa jambo la leo, "tukomile" kwa la jana, na "tukakoma" kwa la zamani zaidi. Mtoto aliyezoea kupima wakati hivyo ana akili ya sarufi tangu utoto wake. Lakini Kihaya na Kiswahili havitengi mume na mke katika kitendo; "anaumwa" ni kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo mtoto akisema "My mother, he is sick", si mjinga. Amefuata sheria, ila ni sheria ya nyumba nyingine.

Liko jambo moja tena, nalo ni la hatari. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili, "Hujalipa?" hujibu, "Ndiyo, sijalipa." Anakubali neno la mwulizaji. Kwa Kiingereza akiulizwa, "Have you not paid?" imempasa kujibu, "No, I have not." Akisema "Yes" peke yake, msikilizaji aweza kudhani amekwisha kulipa. Fikirini neno hilo likisemwa barazani mbele ya hakimu, au mbele ya mganga aulizaye, "Have you not taken the medicine?" Neno dogo laweza kumtia mtu hatiani, au kumnyima dawa, naye hakusema uongo.

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari imebaki kwa Kiingereza. Mto ule wa pili ungali mbele ya watoto wetu, nao huukuta kwa ghafula wakiingia kidato cha kwanza. Siku moja hesabu na habari za nchi ni kwa lugha waijuayo. Siku ya pili ni kwa lugha ngeni. Wengi hunyamaza darasani, si kwa kukosa maarifa, bali kwa kuogopa kuchekwa.

Basi, enyi wazazi na walimu, yatupasa kuziweka sentensi za lugha zote tatu pamoja, kama mfumaji awekavyo nyasi za rangi mbalimbali, mtoto aone mahali zinapolingana na mahali zinapoachana. Tusimpige wala tusimcheke anapochanganya. Tumwulize, "Sentensi hii umeitoa katika lugha gani?" Akiweza kujibu, amekwisha kuuona mto, na auonaye mto aweza kutafuta kivuko.