Zambia: Dawa inavyonasa sumu ya risasi mwilini mwa watoto wa Kabwe

Madini ya risasi na zinki yalichimbwa mjini Kabwe, katikati mwa Zambia, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, lakini vumbi lake lingali katika nyua wanamocheza watoto, nao ndio wanaodhurika zaidi.

Risasi ikishaingia katika damu husambaa hadi kwenye ini, figo, ubongo na mifupa. Ndani ya seli za ini hushikamana na salfa iliyomo katika protini, na vimeng'enya vinavyoitegemea salfa hiyo huzorota.

Dawa ya suksima, ambayo humezwa, nayo ina salfa mbili zinazoibana risasi mithili ya gando la kaa. Hata jina la kitaalamu la kundi hili la dawa limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Suksima hukaa zaidi nje ya seli. Inaponasa risasi iliyo katika damu, ile iliyo kwenye ini hutoka taratibu kuifuata, kisha figo huitoa kwa mkojo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2021 unapendekeza tiba hiyo kwa mtoto mwenye mikrogramu 45 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Mifupa, hata hivyo, haiachii kirahisi: dozi ikiisha, huirudisha risasi katika damu, na huenda mtoto akahitaji kutibiwa upya. Akirejea katika ua uleule wenye vumbi, atakuwa anaimeza tena, ndiyo maana mwongozo huo unataka chanzo cha sumu kitambuliwe na kudhibitiwa.